FENI YA KUVUTA MOSHI IKIGOMA

Feni ya jikoni ikisimama, watu wengi husema, "Imekufa hiyo." Huing'oa ukutani, huitupa stoo, na moshi hurudi kutawala jikoni kama zamani. Lakini mara nyingi feni haijafa. Imebanwa na mafuta, au imekosa umeme, au imekosa hewa. Leo tutaeleza namna ya kutafuta chanzo hatua kwa hatua. Tutaeleza pia mahali pa kuishia, yaani pale ambapo kazi si yetu tena bali ni ya fundi umeme.

Tunawaandikia hasa ndugu zetu wa vikundi vya kupika chakula: wenye migahawa ya Ujiji, Mwanga na Gungu, na wanaowapikia wavuvi na wasafiri pale Kibirizi. Wapishi wa shule na wenye majiko ya nyumbani nao wasome. Kwa miaka mingi umeme wa Kigoma ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Mwaka 2022 umeme wa gridi ya Taifa ulianza kufika mkoani. Vijiji navyo vimekuwa vikiunganishiwa umeme kwa miradi ya REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini. Umeme ukifika, vyombo vya umeme hufuata. Na chombo kikifika, sharti mwenyewe ajue kukitunza.

MOSHI SI JAMBO DOGO

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu wapatao milioni 3.2 duniani. Kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hewa hiyo hutoka hasa kwenye majiko ya kuni, mkaa na mafuta ya taa. Huleta kichomi kwa watoto, na kwa watu wazima huleta maradhi ya mapafu na ya moyo. Ndiyo maana mwezi Mei 2024 Serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ambao lengo lake ni kuwafikia Watanzania 80 katika kila 100 ifikapo mwaka 2034.

Wengine husema, "Sisi hatuna shida, tunapikia mkaa, hauna moshi." Hapo ndipo penye hatari kubwa. Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu aliyeivuta huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, huishiwa nguvu, kisha anaweza kuzimia na kufa. Mtu wa namna hiyo mtoeni nje mara moja penye hewa safi, mkamwahishe hospitali.

Kwa hiyo feni ikisimama wakati mnapika, jambo la kwanza si kutafuta bisibisi. Jambo la kwanza ni kufungua mlango na madirisha yote. Kama ni jiko la mkaa, litoeni nje. Chakula kitaiva hata uani. Mkisha kuwa salama, hapo ndipo mwanze kuitazama feni.

FENI INAFANYAJE KAZI?

Feni ya kuvuta moshi ni kitu chepesi kueleweka. Ndani yake mna mota. Mota ikipata umeme huzungusha mapanga. Mapanga husukuma hewa ya jikoni kwenda nje, pamoja na moshi, mvuke na harufu. Mbele ya mapanga huwa pana wavu wa kunasa mafuta. Nyuma huwa pana vibao vyepesi ambavyo hufunguka feni ikiwaka na hujifunga ikizimwa, ili mvua na wadudu wasiingie.

Basi kazi yake inahitaji mambo matatu: umeme wa kuzungusha mota, mapanga yasiyobanwa, na njia ya hewa iliyo wazi. Ukiyashika haya matatu umeshapata ramani ya kutafutia ugonjwa. Kama feni haizunguki kabisa, anza na umeme. Kama inanguruma lakini haizunguki, tazama mapanga na mota. Kama inazunguka lakini moshi hautoki, tafuta njia ya hewa.

ZIMA UMEME KWANZA

Kabla ya kuigusa feni zima umeme. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi, maana swichi iliyofungwa vibaya huweza kuuacha waya ukiwa na moto. Chomoa plagi. Kama feni haina plagi, zima swichi kubwa ya nyumba, na mwache mtu hapo ili mwingine asije akawasha. Simama juu ya kitu imara, si juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mikono iwe mikavu na miguu iwe na viatu.

Kama mtu amenaswa na umeme usimshike. Zima swichi kubwa. Ikishindikana, msukume atoke kwenye waya kwa mti mkavu, nawe usimame pakavu. Kisha apelekwe hospitali hata kama anasema amepona.

Kuna onyo jingine kwa wenye majiko ya gesi. Ukisikia harufu ya gesi usiwashe feni ili kuitoa. Kama inawaka, usiizime. Swichi huweza kutoa cheche, na cheche moja inatosha kulipua jiko lote. Funga mtungi kama unaweza kuufikia salama, fungua madirisha, watoe watu nje.

IKIWA HAIZUNGUKI KABISA

Hapa tuanze na yaliyo rahisi, ambayo hayahitaji kugusa waya.

Kwanza, je, umeme upo? Washa taa. Kama taa nayo haiwaki, pengine umeme umekatika mtaa mzima, au uniti za Luku zimekwisha. Usicheke, ndugu msomaji. Fundi ameitwa mara nyingi, akaja, akalipwa nauli, kumbe Luku inasoma sifuri.

Pili, kama taa inawaka, tazama sanduku la swichi kubwa. Kila sehemu ya nyumba huwa na kiswichi chake kinachojiangusha umeme ukizidi. Kama cha jikoni kimeanguka, kirudishe mara moja tu. Kikianguka tena kiache hapo hapo. Kinakuambia kwamba mahali fulani nyaya zimegusana au mota imeungua. Huo ni wito wa fundi.

Tatu, ijaribu soketi. Chomeka kitu kingine unachojua ni kizima, kwa mfano chaja ya simu. Kama nacho hakipati umeme, ubaya uko kwenye soketi, si kwenye feni.

Nne, tazama fyuzi iliyo ndani ya plagi yenye miguu mitatu. Fyuzi ni kiwaya chembamba kilichowekwa makusudi kikatike kabla nyaya hazijaungua. Kuipima ni rahisi: itoe, uweke nyingine ya namba ile ile, ujaribu.

Hapa tufanye hesabu kidogo, maana kusoma bila hesabu ni kupiga kasia upande mmoja. Kwenye kibandiko cha feni pameandikwa wati. Umeme wetu ni wa volti 230. Ukigawanya wati kwa volti unapata ampea, yaani kiasi cha umeme kinachopita. Tuseme feni ni ya wati 46:

46 ÷ 230 = 0.2

Feni hiyo inatumia ampea 0.2 tu. Fyuzi ya ampea 3 inaitosha kabisa. Ile ya ampea 13 ni ya pasi au birika la umeme. Ukiiweka kwenye feni, mota itaweza kuungua kabla fyuzi haijakatika. Na wale wanaoweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, hao wamemfukuza mlinzi wakauacha mlango wazi.

Tano, ipe nafasi ipoe. Mota nyingi zina kizuizi cha ndani ambacho hukata umeme zikipata joto kali. Kama feni ilikuwa juu ya sufuria za maharage tangu alfajiri, izime nusu saa kisha ujaribu. Ikiwaka tena ujue ilichoka kwa joto, na sababu ya joto kwa kawaida ni uchafu. Isafishe. Isipowaka, kile kizuizi huenda kimekatika moja kwa moja. Fundi ndiye abadilishe. Asikubali mtu kukiruka kwa waya mtupu, maana hapo feni yaweza kuwasha nyumba.

IKIWA INANGURUMA LAKINI HAIZUNGUKI

Sauti hiyo ni habari njema nusu. Maana yake umeme unafika ila mapanga yamekwama. Zima haraka. Mota inayonguruma bila kuzunguka hupata joto na kuungua.

Umeme ukiwa umezimwa, zungusha mapanga kwa kidole. Yakiwa mazito, sababu kubwa huku kwetu ni mawese. Sisi watu wa Kigoma tunapika kwa mawese: migebuka, dagaa, maharage, mboga. Mafuta yanapochemka, matone madogo sana hupanda pamoja na mvuke. Yakifika kwenye feni hutua juu ya mapanga na kwenye ekseli. Siku ya kwanza ni mafuta laini. Baada ya miezi, kwa joto, vumbi na masizi, yanakuwa gundi nyeusi. Gundi hiyo ndiyo inayoshika mapanga.

Dawa yake ni kuosha. Fungua wavu wa mbele. Toa mapanga kama yanatoka, na kabla ya kuyatoa weka alama kwa kalamu upande unaokutazama. Tutaeleza sababu. Loweka wavu na mapanga katika maji ya moto yenye sabuni kwa muda wa nusu saa, kisha sugua kwa brashi. Majivu yanafaa kwa chuma, lakini kama wavu ni wa alumini usiuloweke kwenye majivu wala magadi, utaliwa. Usitumie petroli kabisa. Mota yenyewe usiitie maji. Ifute kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Vitu vyote vikauke kabisa ndipo virudishwe.

Kama ekseli bado ni nzito, tia tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani pale inapoingia kwenye mota, uizungushe kwa mkono. Usitie mawese wala mafuta yoyote ya kula. Yatailainisha leo, kesho yatageuka gundi ile ile uliyotoka kuisugua.

Je, kama mapanga ni mepesi lakini ukiwasha inanguruma tu? Hapo mara nyingi imechoka kapasita. Hiki ni kijisanduku au kikopo kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Si feni zote zinacho, lakini nyingi zinacho. Dalili yake ni kwamba mtu akiisukuma kidogo feni huondoka yenyewe. Tumeona watu wakifanya mazoea ya kuisukuma kwa kijiti kila asubuhi. Jamani, acheni. Kijiti kikikatwa na mapanga huruka machoni. Kapasita haina bei kubwa kama feni nzima, lakini haitaki mikono migeni. Huweka umeme ndani yake hata baada ya plagi kuchomolewa, na huweza kukupiga. Mwachie fundi. Wewe hakikisha tu kwamba mpya ina namba zile zile za ile ya zamani.

Pia tazama taa. Kama taa za nyumba zote zimefifia, umeme wenyewe ni mdogo. Zima feni usubiri urudi sawa.

IKIWA INAZUNGUKA LAKINI MOSHI HAUTOKI

Hili ndilo linalowasumbua wengi, kwa sababu feni inaonekana nzima. Kata kipande cha karatasi nyepesi, ukishike karibu na wavu feni ikiwa inawaka. Feni nzima itakivuta kikanata. Kikining'inia tu, hewa haipiti. Chunguza mambo haya.

Wavu umezibwa na mafuta. Uoshe kama tulivyoeleza.

Vibao vya nje vimegandana, au nyigu na ndege wamejenga kwenye bomba. Toka nje utazame. Vikiwa vimefunga huku feni inawaka, visafishe.

Mapanga yamerudishwa kinyume baada ya kuoshwa. Ndiyo sababu tulisema weka alama. Kwa feni ndogo za sola za volti 12, kuna na hili: ukibadilisha waya wa chanya na wa hasi, baadhi ya feni huzunguka kinyumenyume na kurudisha moshi ndani. Zigeuze nyaya.

Jiko limefungwa mno. Jambo hili linasahauliwa sana. Chukua chupa ya maji, uizibe mdomo wote kwa midomo yako, unyonye. Utapata maji kidogo, kisha yanakataa. Legeza midomo hewa iingie, maji yanakuja. Jiko nalo ni hivyo. Feni haiwezi kutoa hewa kama hakuna hewa inayoingia. Fungua mlango kidogo, au acha tundu chini ya ukuta wa upande wa pili. Feni iwe juu, maana hewa ya moto hupanda. Tundu la kuingizia liwe chini na mbali na feni. Likiwa karibu yake, hewa itaingia na kutoka papo hapo, na moshi utabaki kwa mpishi.

Upepo unapigana na feni. Huku ufukweni mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka. Mgahawa wa Ujiji ambao feni yake inatokea magharibi, uso kwa uso na ziwa, utaona moshi unarudi ndani saa za mchana, na wakati huo ndio wa wateja. Feni haina kosa. Ihamishieni ukuta mwingine, au wekeni kikinga upepo nje ya tundu, kisicholiziba.

Feni ni ndogo kuliko jiko. Tupige hesabu tena. Jiko la urefu wa mita 4, upana mita 3 na kimo mita 2.5 lina hewa ya mita za ujazo 30, kwani 4 × 3 × 2.5 = 30. Feni iliyoandikwa mita za ujazo 300 kwa saa itaibadilisha hewa hiyo mara 10 kwa saa, yaani kila dakika 6. Iliyoandikwa 90 itaibadilisha mara 3 tu. Hiyo ni ya chooni, si ya jiko la kukaangia samaki. Kabla ya kununua soma kibandiko. Ndiyo faida ya kisomo.

"TUNAIZIMA ILI KUOKOA LUKU"

Maneno haya tunayasikia. Basi tuyapime. Uniti moja ya Luku ni wati 1,000 kwa saa moja. Feni yetu ya wati 46 ikiwaka saa 10 itatumia 46 × 10 = 460. Haifiki hata nusu uniti kwa siku nzima ya kupika. Mama anayekaa kwenye moshi ili kuokoa nusu uniti, atakuja kuitumia kwa nauli ya hospitali, tena mara nyingi.

MAFUTA YAKISHIKA MOTO

Feni yenye gundi ya mafuta ni kuni zilizotundikwa juu ya jiko. Mafuta ya kikaango yakiwaka usimwage maji, moto utaruka. Zima jiko, funika kikaango kwa mfuniko, na zima feni kama unaweza kuifikia swichi bila kupita kwenye moto. Feni inayowaka huuvuta moto kwenda juu na kuingia kwenye bomba. Ukishindwa kuufunika, toka nje na watu wako.

WAKATI WA KUMWITA FUNDI

Mwite fundi ukiona mojawapo ya haya: harufu ya kuungua, kiswichi kinaanguka kila mara, kutetemesha mkono unapogusa feni, nyaya zilizobanduka ngozi, au feni imezunguka kwa kelele hata baada ya kuoshwa. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Mweleze yote uliyokwisha kuyajaribu. Mwambie, "Bwana fundi, umeme upo, fyuzi nimebadilisha, mapanga ni mepesi, lakini inanguruma." Fundi aliyeambiwa hivyo hafanyi kazi ya kubahatisha, na mteja wa namna hiyo si rahisi kuuziwa feni mpya asiyoihitaji.

Mota ikiwa imeungua nyaya zake, kwa feni ndogo huenda kununua mpya ni nafuu kuliko kuisuka upya. Muulize fundi bei zote mbili kabla hajaanza.

Mwisho, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Palipo na ukaangaji wa kila siku, wavu uoshwe kila juma, na mapanga yafutwe kila mwezi. Kikundi kiandike zamu ukutani: jina na tarehe. Kazi isiyo na jina haifanywi na mtu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Feni ya jikoni kwenu ina wati ngapi? Inahitaji fyuzi ya ampea ngapi?
2. Hewa safi inaingilia wapi katika jiko lenu? Je, tundu hilo liko mbali na feni?
3. Feni ikisimama sasa hivi huku mkaa unawaka, nani atafanya nini kwanza?
4. Katika kikundi chenu, zamu ya kuosha wavu juma hili ni ya nani?